Kompyuta ya Gemu na Joto la Pwani ya Kusini: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua za safari hii zimetoka Mtwara mjini, Lindi, Newala na Masasi, na zote zinahusu jambo moja: kuisukuma kompyuta ya nyumbani ifanye kazi kwa kasi kubwa kuliko ile iliyopangiwa kiwandani ili gemu ziende vizuri zaidi. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa na mwenzake, na kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili umeandikwa na watu wanaokaa kwenye vyumba vyenye nyuzi joto 20, wala hawakumfikiria mtu anayecheza gemu Lindi mwezi wa Desemba, dirisha likiwa wazi na upepo umekata.

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu ya kompyuta, shikamoo. Mimi ni kijana ninayeishi kwa kaka yangu hapa Chikongola, Mtwara. Nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba, zile za ofisini, yenye prosesa ya Core i5-4570 na RAM ya gigabaiti 8 katika kipande kimoja, kisha nikajichanga nikaweka kadi ya grafiki ya GeForce GTX 1050 Ti. Gemu ya GTA V inaanza vizuri, lakini baada ya nusu saa hivi inakwamakwama, na feni inavuma mpaka kaka analalamika. Rafiki zangu wanasema niipandishe prosesa hadi gigahetsi 4.2. Nimeingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka) sijaona sehemu ya kufanya hivyo. Je, ipo njia ya kuifungua?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Njia ya kuifungua haipo, na ni vyema nikueleze sababu ili usije ukampa mtu fedha kwa ahadi isiyotimizika. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuchukua mapigo ya msingi, ambayo kwa prosesa yako ni megahetsi 100, na kuyazidisha kwa namba maalumu. Core i5-4570, iliyotoka mwaka 2013, imepangiwa kizidisho cha 32, yaani gigahetsi 3.2, nayo hujipandisha yenyewe hadi gigahetsi 3.6 kazi inapokuwa nzito na joto likiruhusu. Intel wamekifunga kizidisho hicho. Katika kizazi hicho, prosesa walizoziachia wazi ni hasa zile ambazo jina lake linaishia na herufi K, kama Core i5-4670K, nazo zinataka madabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenye chipu ya Z87 au Z97. Mapigo ya msingi nayo hayakusaidii, kwa sababu yamefungamana na njia za PCIe zinazobeba kadi ya grafiki na vifaa vingine, na ukiyapandisha zaidi ya asilimia chache tu vifaa hivyo huanza kukosea. Zaidi ya hayo, watengenezaji wa kompyuta za ofisini huiondoa mipangilio yote ya namna hiyo kwenye BIOS, kwa kuwa mteja wanayemlenga anataka mashine tulivu isiyoguswaguswa.

Hata hivyo, isome tena barua yako mwenyewe. Umesema gemu huanza vizuri na hukwama baada ya nusu saa. Kompyuta iliyopungukiwa nguvu hukwama tangu dakika za mwanzo. Inayoanza vizuri kisha ikachoka, mara nyingi imeshikwa na joto. Prosesa yako ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na kadi ya grafiki nayo hushusha megahetsi zake hatua kwa hatua kadiri inavyopata moto. Maana yake ni kwamba hata kama ungekuwa na kizidisho kilicho wazi, ungekuwa unaongeza kitu kile kile kinachokuangusha.

Hapa pana hesabu ambayo kila anayetaka kupandisha kasi anapaswa kuifahamu kabla hajagusa chochote. Umeme unaoliwa na chipu ikiwa kazini, ambao karibu wote hugeuka kuwa joto, hukua sawia na kasi, lakini hukua sawia na kipeo cha pili cha volti. Ukipandisha kasi peke yake, joto huongezeka kwa kiasi cha kustahimilika. Tatizo ni kwamba chipu iliyosukumwa sana haitulii mpaka iongezewe volti. Chukua mfano wa prosesa inayotoka gigahetsi 3.6 kwenda 4.2, na ili itulie ikahitaji kutoka volti 1.10 kwenda 1.25. Kasi imeongezeka kwa asilimia 17 hivi, lakini umeme na joto vimeongezeka kwa takriban asilimia 50. Anayefanya hivyo kwenye kipoza joto kidogo cha ofisini ataona fremu (idadi ya picha zinazochorwa kila sekunde) zikipanda kwa dakika kumi za mwanzo, kisha zikishuka chini ya pale zilipokuwa.

Hewa yetu nayo inaongeza mzigo. Kipoza joto cha feni hakiwezi kuishusha chipu chini ya joto la hewa inayovutwa, na kwa kukadiria, kila uzi mmoja unaoongezeka chumbani huonekana pia kwenye chipu. Ukisoma mahali kwamba kadi fulani inakaa kwenye nyuzi 70, na aliyepima alikuwa kwenye chumba cha nyuzi 21, basi chumbani kwako Chikongola chenye nyuzi 32 tarajia 81. Hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu, na ndiyo inayokuambia kwamba nafasi ya kupandisha kasi aliyonayo yule mwenzako wa nchi za baridi wewe huna mpaka uitengeneze.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Weka programu ya bure ya HWiNFO, ifungue kabla ya gemu, cheza kwa dakika 40 bila kuifunga, kisha tazama safu ya viwango vya juu kabisa vilivyofikiwa. Kama prosesa imevuka nyuzi 90, au programu inaonyesha kwamba ilijipunguzia kasi kwa sababu ya joto, ugonjwa umeupata.

Kisha fungua kasha. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Ukikitoa kipoza joto cha mashine ya umri huo, mara nyingi utaikuta pesti ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza, imekauka na kuwa unga wa kijivu unaobanduka kwa ukucha, na kwenye mapezi ya alumini, upande ule ambako feni husukumia hewa, utakuta vumbi limejifuma kama kipande cha blanketi. Kwa sisi wa pwani vumbi hilo lina unyevu na chumvi ya bahari ndani yake, ndiyo maana halitoki kwa kupuliza kwa mdomo. Tumia brashi laini ya rangi na mashine ya kupulizia hewa, na uishike feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi kilicholowanishwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, uache pakauke, uweke pesti mpya ya ukubwa wa punje ya mbaazi katikati ya prosesa, kisha ukaze skrubu kwa kupishanisha pembe kwa pembe. Kazi hii haigharimu fedha nyingi, nami naiweka mbele ya mpangilio wowote wa BIOS.

Jambo la pili ni RAM yako. Prosesa yako ina njia mbili za kuzungumza na RAM, na wewe umeipa kipande kimoja, hivyo inatumia njia moja. RAM ya DDR3-1600 katika njia moja hupitisha hadi gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Ukiongeza kipande kingine kinachofanana nacho, na ukakiweka kwenye sloti sahihi, ambazo kwa kawaida hutofautishwa kwa rangi, unafika 25.6. Gigabaiti 16 kwa jumla zitaisaidia GTA V pia, kwa kuwa Windows na kivinjari navyo vinataka sehemu yao. Gemu ikikwamakwama huku joto likiwa la kawaida, naweka dau kwamba sababu iko hapa.

Baada ya hayo, sasa tuzungumze juu ya kupandisha kasi, kwa sababu kadi yako ya grafiki inaruhusu. GTX 1050 Ti imetengenezwa kutumia wati 75, ambazo ndizo sloti ya PCIe inaweza kutoa, na nyingi hazina waya wa ziada wa umeme. Kwa hiyo kipimo cha nguvu katika programu ya MSI Afterburner, ambayo hufanya kazi hata kwa kadi za kampuni nyingine, huenda kikagoma kuvuka asilimia 100. Usikitafutie ujanja, kwa sababu pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha) ya kompyuta ya ofisini kwa kawaida ni ndogo. Pandisha kasi ya kadi kwa megahetsi 25, cheza robo saa, kisha ongeza 25 nyingine. Siku utakapoona pembetatu za rangi zikirukaruka kwenye skrini, au gemu ikajifunga na draiva ikajiwasha upya, rudi nyuma hatua mbili na ubaki hapo. Fanya vivyo hivyo kwa memori ya kadi, ukipima fremu kila mara, kwa maana memori iliyopandishwa kupita kiasi wakati mwingine haigandishi gemu bali hupunguza fremu kimyakimya. Kama ulikuwa unapata fremu 50, tarajia 53 au 55. Nyongeza ni ya kweli, ila ni ndogo. Ukipunguza ubora wa nyasi na kuizima MSAA (mpangilio wa kulainisha kingo za picha) ndani ya GTA V utapata zaidi ya hapo bila joto hata kidogo.

Na kuhusu malalamiko ya kaka: funga fremu zisizidi 60. Kadi haitajitesa kuchora picha ambazo skrini yako ya hetsi 60 haiwezi kuzionyesha, feni itatulia, na nyumba italala.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mama wa mtoto aliyeko kidato cha tano, ninaishi Mtanda, Lindi. Mwanangu yuko likizo na anataka kile anachokiita kuovakloki, yaani kuipandisha kasi, kompyuta ambayo baba yake alimnunulia. Maswali yangu ni haya: je, kompyuta inaweza kuwaka moto? LUKU itaisha kwa kasi gani? Nimruhusu au nimkataze?

JIBU: Shikamoo mama, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kukataza. Prosesa na kadi ya grafiki zenyewe zina ulinzi: zikizidi joto hupunguza kasi, na zikiendelea kupanda kompyuta hujizima. Hatari ninayoiogopa haiko hapo, iko kwenye pawa saplai na kwenye nyaya. Pawa saplai za bei ya chini zinazouzwa na namba kubwa ya wati ubavuni, lakini ukiishika ni nyepesi mkononi, zinaweza kushindwa kubeba mzigo wa kweli, na zikifa zinaweza kuondoka na madabodi. Ekstensheni nyembamba inayobeba kompyuta, televisheni na pasi kwa pamoja hupata moto kwenye soketi. Naomba umwambie mwanao aiguse plagi baada ya saa moja ya kucheza. Ikiwa ya moto, au plastiki yake imebadilika rangi, mchezo usimame mpaka ekstensheni ibadilishwe.

Kuna kitu kimoja kingine cha kutazama leo hii. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Swichi hiyo ikiwa kwenye 115, kwa mfano kwa sababu mashine ilitoka Marekani au mtoto aliichezea, pawa saplai itapasuka kwa kishindo mara tu itakapowashwa. Isogezwe wakati waya umechomolewa, kamwe isisogezwe kompyuta ikiwa inawaka.

Kuhusu LUKU, hesabu ni nyepesi. Kupandisha kasi kwa kiasi cha kawaida kunaweza kuongeza, tuseme, wati 60 wakati wa kucheza. Akicheza saa 4 kila siku, hizo ni wati-saa 240 kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 7.2. Muda mwingine wote, kompyuta ikiwa imetulia, tofauti huwa ndogo mno. Zidisha uniti hizo kwa bei unayolipa wewe, na kama inakuuma, gawana naye gharama katika fedha zake za matumizi. Mtoto anayelipia uniti zake hujifunza haraka sana thamani ya kufunga fremu.

Mimi ningemruhusu, mama, kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba asiguse volti ya prosesa. Kasi iliyopandishwa bila kuongeza volti, ikikosewa, humaliza kwa kompyuta kuganda au kugoma kuwaka, na hilo hutibika kwa kurudisha mipangilio ya kiwandani au kuitoa betri ndogo ya duara iliyo kwenye madabodi kwa dakika chache, huku waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Volti iliyozidishwa ndiyo inayokula umri wa chipu, na hiyo haitibiki. La pili ni kwamba asisasishe BIOS kwa kuwa tu ameona toleo jipya, hasa katika siku ambazo umeme unakatika na kurudi, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo madabodi inaweza kuwa chuma tupu. Ikiwa ni lazima, basi iwe kwenye yupiesi yenye betri nzima. Stebilaiza inasaidia kwa umeme unaopanda na kushuka, lakini haishikilii kompyuta umeme unapokatika.

SWALI: Je, laptopu yangu ya gemu naweza kuipandisha kasi? Huku Newala kuna baridi. (Msomaji, Newala)

JIBU: Baridi ya uwanda wa Makonde inakusaidia kwa nyuzi kadhaa, lakini ndani ya laptopu prosesa na kadi mara nyingi hutumia mabomba yale yale ya shaba ya kupozea, hivyo kinachoongezwa kwa mmoja huchukuliwa kwa mwenzake. Fanya kinyume: punguza volti ya kadi kwa kutumia mchoro wa volti na kasi ulio ndani ya MSI Afterburner, ukishusha kidogo kidogo na kupima kila hatua, kasi ikibaki pale pale. Laptopu nyingi hupata fremu thabiti zaidi kwa njia hiyo. Usiiweke kitandani wala juu ya mto.

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Masasi. Nimeunda kompyuta yangu mwenyewe: Ryzen 5 3600, madabodi ya B450, RAM ya DDR4-3200 vipande viwili. Jioni nacheza gemu, mchana ninaifanyia kazi ya chama, hasa orodha za malipo ya wakulima wakati wa minada ya korosho. Nilipandisha viini vyote vya prosesa (sehemu zake zinazofanya kazi sambamba) hadi gigahetsi 4.1, lakini gemu zangu hazikubadilika. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, ndugu yangu; umepandisha kitu ambacho tayari kilikuwa kinajipandisha. Ryzen 5 3600 hutoka kiwandani na gigahetsi 3.6, na kiini chenye mzigo hujisukuma chenyewe hadi karibu 4.2. Ulipovifunga viini vyote kwenye 4.1, ulivipa vile sita nyongeza ndogo ya pamoja, ukakinyang'anya kimoja uwezo wa kwenda mbio zaidi, na gemu nyingi hutegemea kiini kimoja au viwili kuliko vyote. Rudisha mpangilio huo kwenye hali ya kujiendesha.

Faida yako iko kwenye RAM. Vipande vyenye maandishi ya 3200 mara nyingi haviendi kwa kasi hiyo vikiingizwa tu. Vingi huwaka kwa 2133 au 2400 mpaka uiwashe XMP (mpangilio wa kasi ulioandaliwa na mtengenezaji wa RAM) ndani ya BIOS. Kwa Ryzen hili lina uzito wa pekee, kwa sababu barabara ya ndani inayoviunganisha viini na sehemu inayoongoza RAM hufuata mwendo wa RAM hiyo hiyo: ikiwa 2400, barabara hukimbia kwa megahetsi 1200, ikiwa 3200, kwa 1600. Fungua Task Manager katika Windows, sehemu ya utendaji (Performance), usome kasi ya memori iliyoandikwa pale. Nadhani utashangaa kwamba tangu uiunde mashine hiyo ulikuwa unatumia sehemu tu ya ulichokilipia.

Lakini barua yako ina jambo ambalo limenigusa kuliko fremu. Prosesa ikikosea, mara nyingi kompyuta huganda nawe unajua. RAM ikikosea, inaweza isigande; herufi moja au tarakimu moja hubadilika ndani ya faili, faili huhifadhiwa, na hakuna onyo linalotokea. Kwenye gemu utaona rangi ya ajabu kwenye ukuta. Kwenye orodha ya malipo ni kilo za mkulima, na mkulima huyo atakuja ofisini na stakabadhi yake mkononi akiuliza kwa nini hazilingani, na wewe utakuwa na faili lililo safi kwa macho. XMP, ingawa imeandaliwa na mtengenezaji wa RAM, ni kuipandisha kasi vilevile, na madabodi hazifanani katika kuistahimili.

Kwa hiyo usiiwashe wakati minada inaendelea. Subiri msimu ufungwe, unakili faili zote za chama kwenye diski ya nje na uichomoe kabisa, ndipo uiwashe XMP. Kisha tengeneza flashi ya MemTest86, programu ya kupima RAM, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo, na uiache izunguke usiku kucha mizunguko yote minne. Kosa moja tu likitokea, hata kama gemu zinaenda vizuri, shusha RAM hadi 3000 au 2933 na uanze upya. Usijiambie kwamba kosa moja ni dogo. Ikipita bila kosa, rudia kipimo hicho mwezi wa Novemba au Desemba, saa za mchana, chumba kikiwa na moto, kwa sababu RAM iliyotulia katika miezi ya baridi ya Juni na Julai inaweza kukosea wakati wa joto, na wakati huo wa joto ndio wewe unaandika malipo.